Sumu Iliyotafutiwa Njia: Dawa za Saratani kutoka Mulago na Shimba hadi Viunzi vya Vitundu

Dawa nyingi za saratani ni sumu inayotumiwa kwa makusudi. Huua seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa uvimbe wa saratani hugawanyika bila kizuizi, ndio unaopigwa zaidi. Uroto wa mifupa, utando wa utumbo na mashina ya nywele navyo hugawanyika haraka, kwa hiyo navyo hupigwa: damu hupungua, mgonjwa hutapika, nywele hunyonyoka. Dawa ya kwanza ya namna hii, kemikali ndugu ya gesi ya haradali ya vitani, ilijaribiwa kwa mgonjwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1942. Tangu hapo kazi imekuwa kutafuta namna ya kuifikisha sumu kwenye uvimbe bila kuimwaga njiani. Viunzi vyenye vitundu, vinavyotengenezwa maabara ili dawa ifichwe ndani yake, ni hatua ya karibuni ya utafutaji huo.

Afrika Mashariki ina sehemu kubwa katika historia hii kuliko inavyosimuliwa kwa kawaida. Nayo Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, pamoja na sehemu ya Milima ya Pare iliyomo, inaonyesha upande ambao maabara haiuoni: mgonjwa naye ana safari ya kuifuata dawa, na kwa watu wengi safari hiyo ndiyo iliyoamua mambo kabla chupa ya dawa haijafunguliwa.

Sura ya kwanza iliandikwa Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote mbili za taya, juu na chini. Muda si mrefu akaona mtoto wa pili mwenye hali ileile katika hospitali nyingine. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu uvimbe huo wa taya kwa watoto wa Afrika. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Jambo lililomsumbua Burkitt ni kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi sehemu fulani na haukujulikana kabisa sehemu nyingine. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa mbioni kupata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya barabarani kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Waliendesha zaidi ya kilomita 16,000 kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, wakipita hospitali kwa hospitali na kuwaonyesha madaktari picha za watoto: je, ugonjwa huu mnauona hapa? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, karibu na ikweta uvimbe ulionekana kukoma mahali penye mwinuko wa takriban mita 1,500, yaani mahali penye ubaridi. Ramani hiyo ilifanana mno na ya malaria.

Nchi ya Upare inasaidia kuielewa ramani hiyo. Mji wa Same upo chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Shengena kinafika mita 2,462. Ndungu na Kihurio ziko bondeni, kwenye joto, mbu na mashamba ya mpunga. Vijiji vilivyo juu karibu na msitu wa Chome huamka kwenye ukungu. Mstari alioutafuta Burkitt kwa safari ya bara zima hupita, katika nchi kama hii, katikati ya mlima mmoja, na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu kabla ya mchana.

Machi 1961 Burkitt alikuwa amezungumzia ugonjwa huo London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaeleza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwa upande wa tiba, habari ilikuwa ya kushangaza zaidi. Uvimbe ambao kisu hakikuuweza uliyeyuka kwa dawa. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi walitumia dawa kama methotreksati na saiklofosfamidi, na baadhi ya watoto walipona baada ya dozi chache tu. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Katika miaka ambayo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani, wodi ya Kampala ilikuwa na watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani. Jambo hili linastahili kufundishwa katika kila shule ya sekondari ya ukanda huu.

Dawa nyingine iliyoingia katika tiba ya limfoma ilikuwa vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Hutokana na ua la Madagaska lenye petali tano, la waridi au jeupe, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za Tanzania kama pambo. Mamia ya kilo ya majani makavu hutoa gramu moja tu ya dawa. Nayo huumiza mishipa ya fahamu: vidole hufa ganzi, na mgonjwa hushindwa kufunga vifungo vya shati.

Mmea wa pili, huu wa Afrika Mashariki, ulipita njia ngumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakusanyaji waliotumwa na serikali ya Marekani kutafuta mimea yenye dawa ya saratani walichukua sampuli za kichaka cha jenasi ya Maytenus nchini Ethiopia. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia alitangaza kwamba ametenga humo kemikali yenye nguvu kupita kiasi, akaiita maytansini. Tatizo lilikuwa uchache: kilo nzima ya mmea ilitoa sehemu ndogo ya miligramu. Ndipo jicho likaelekezwa kwa ndugu yake, Maytenus buchananii, aliyekuwa akimea katika Milima ya Shimba, Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Zaidi ya tani 27 za mmea huo zilivunwa kwa ajili ya majaribio, karibu kumaliza mimea yote mikubwa iliyokuwepo. Ni vigumu kuisoma takwimu hiyo bila uchungu. Misitu ya Shimba, kama ile ya Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita na kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa, ina mimea isiyopatikana pengine popote. Msitu wa namna hiyo ukivunwa hivyo mara moja, hauna akiba ya kujirudishia.

Mavuno yale hayakuzaa dawa wakati ule. Wagonjwa waliopewa maytansini katika miaka ya 1970 walitapika, waliharisha, walidhoofika na kupata ganzi, na uvimbe uliopungua ulikuwa wa wachache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yakaachwa. Kemikali yenyewe haikuwa na kasoro katika kuua seli za saratani. Iliziua vizuri sana, lakini iliua na nyingine zote. Watafiti wakaiunganisha na kingamwili, protini inayotambua alama fulani juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Kila kingamwili ilibeba kwa wastani molekuli tatu hadi nne za sumu, ikajishika kwenye seli yenye alama, ikamezwa, na sumu ikafunguka ndani. Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la trastuzumabu emtansini. Sumu ileile iliyoshindwa kwa kukosa njia ilirudi baada ya miaka 40 kama mojawapo ya dawa bora za saratani ya matiti, na sasa malighafi yake hutengenezwa na bakteria kiwandani, bila kung'oa mti wowote wa Kwale. Bei yake, hata hivyo, imeiweka mbali na wodi nyingi za Afrika Mashariki.

Wakati hayo yakiendelea, mgonjwa wa Same alikuwa na hesabu nyingine. Hospitali kubwa ya kanda, KCMC, ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini Same. Hapo mgonjwa aliweza kupimwa, kukatwa kinyama na kufanyiwa upasuaji. Mionzi ilikuwa Dar es Salaam, katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwishoni mwa karne ya 19. Huduma hiyo ilianza pale katika miaka ya 1980 chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 sheria ya Bunge ikaifanya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa kituo pekee cha umma cha mionzi katika nchi nzima.

Tiba ya mionzi hugawanywa katika dozi ndogo za kila siku kwa wiki kadhaa. Mama wa Vunta au Chome mwenye saratani ya mlango wa kizazi alipaswa kwanza kushuka mlimani hadi Same, barabara ya vumbi ikiruhusu, apate karatasi ya rufaa, apande basi la Dar es Salaam kwa safari ya mamia ya kilomita, kisha atafute ndugu wa kumpokea kwa mwezi na zaidi. Hata tiba yenyewe ikiwa haina malipo, nauli, chakula na shamba lililoachwa bila mkono vilikuwa na bei. Si ajabu kwamba wengi walifika uvimbe ukiwa umekwisha kuenea, na wengine hawakufika. Saratani yenyewe haikuchagua cheo: Oktoba 1999 Mwalimu Julius Nyerere alifariki hospitalini London kwa saratani ya damu.

Desemba 2016 kituo cha saratani kilifunguliwa KCMC, na kwa mara ya kwanza wagonjwa wa Same wakaweza kupata dawa za kemia kwa mpangilio maalumu bila kuvuka mpaka wa mkoa wao. Kinga nayo ilikuwa imeanza: Kilimanjaro ulikuwa mkoa wa majaribio wa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2014, miaka minne kabla ya chanjo kutolewa nchi nzima. Ocean Road ikapata mashine za kisasa za mionzi, za aina ya LINAC, mwaka 2018.

Saratani ya umio, inayoziba koo la chakula hadi mgonjwa ashindwe kumeza uji, ni mzigo mkubwa wa kanda hii. KCMC imeshiriki katika utafiti wa kimataifa unaotafuta sababu zake kutoka Kenya hadi Malawi, na kati ya mambo yanayochunguzwa ni chai na uji unaonywewa ukiwa wa moto sana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa mlima wenye asubuhi za baridi, ambako chai ya maziwa hutoka jikoni ikifuka, hili ni jambo la kuzungumzwa mezani.

Dawa iliyozoeleka sana katika wodi za saratani, na iliyobeba historia ya vyombo vya kufichia dawa, ni doksorubisini. Asili yake ni bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na kasri la Castel del Monte, Italia, katika miaka ya 1950. Ni nyekundu; ikiingia kwenye dripu, mgonjwa huuona wekundu ukishuka kwenye mrija, na saa chache baadaye huuona tena kwenye mkojo. Hutibu saratani ya matiti, limfoma na nyingine nyingi, lakini hudhuru moyo, kwa hiyo kila mgonjwa ana kiwango cha jumla cha dawa hiyo ambacho hapaswi kukivuka maishani mwake. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha doksorubisini iliyofungwa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta, na ugonjwa wa kwanza ilioidhinishiwa ulikuwa sarkoma ya Kaposi kwa wenye UKIMWI. Sarkoma hiyo ilijulikana Afrika Mashariki kabla ya UKIMWI, na baada yake ikajaza wodi. Chombo cha kwanza cha aina hii kiliidhinishwa, kwa hiyo, kwa ugonjwa ambao sehemu kubwa ya wagonjwa wake walikuwa katika nchi zisizoweza kukinunua.

Vipovu vya mafuta hubeba kiasi kidogo na huvuja. Wakemia waliokuja na jambo jipya hawakuwa wakifikiria saratani hata kidogo. Mwaka 1989 Richard Robson, huko Melbourne, alionyesha kwamba ioni za metali na molekuli za kaboni zinaweza kujipanga zenyewe kuwa kiunzi kilicho wazi katikati. Susumu Kitagawa wa Japani akaonyesha kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka humo bila kiunzi kubomoka. Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina na kukulia nyumba isiyo na umeme, alitengeneza mwaka 1999 kiunzi imara kilichopata umaarufu kwa jina la MOF-5. Oktoba 2025 watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwaka 2005 kundi la Yaghi liliondoa metali kabisa. Lilitumia elementi nyepesi tu, kama kaboni, oksijeni, hidrojeni na boroni, zilizoshikana kwa vifungo vya nguvu, na kupata viunzi vya kwanza vya aina iitwayo COF. Ukitazama mchoro wa kimojawapo, COF-5, unaona sega la nyuki: pembe sita baada ya pembe sita, karatasi juu ya karatasi, hadi matundu yanapangana kuwa mirija. Kila tundu lina upana wa nanomita 2.7, na nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita. Molekuli ya doksorubisini hupita humo kwa nafasi. Gramu moja ya unga huo ina eneo la ndani la mita za mraba 1,590.

Tundu lililo wazi huita kitu cha kuweka ndani yake. Mwaka 2006 nchini Ufaransa kundi la Gérard Férey na Patricia Horcajada lilijaza dawa ya maumivu, ibuprofeni, katika kiunzi cha metali, na gramu moja ya kiunzi ikabeba gramu 1.4 za dawa. Mwaka 2010 walitumia viunzi vya chuma kubeba dawa za saratani zikiwemo busulfani na doksorubisini. Busulfani ilifika robo ya uzito wote, mara kadhaa ya vyombo vilivyotangulia. Viunzi vya COF vilichelewa, kwa sababu vile vya boroni huvunjika vikikutana na maji, na damu ni maji. Baadaye zikapatikana aina zenye vifungo vya nitrojeni zinazostahimili maji, na kuanzia katikati ya muongo wa 2010 majaribio ya kubeba dawa yakaanza, ikiwemo ile ya zamani iitwayo florourasili.

Kazi yenyewe mezani ni nyepesi kuielezea. Unga wa kiunzi hulowekwa katika maji ya doksorubisini na kukorogwa kwa saa nyingi. Kisha mchanganyiko huzungushwa kwa kasi ili unga utuame. Maji ya juu, yaliyokuwa mekundu, yakiwa yamepauka, inajulikana kwamba dawa imeingia kwenye vitundu, na kiasi kilichoingia hukadiriwa kwa kupima wekundu uliobaki. Ugumu huanza baada ya hapo. Chembe lazima ziwe ndogo, za mamia machache ya nanomita au chini yake, zisigandane kwenye damu, zisiliwe zote na ini na wengu, na zifunguke mahali pake. Watafiti wengi hutegemea asidi: uvimbe una asidi zaidi kidogo kuliko damu, na vifuko vya ndani ya seli vina asidi zaidi, kwa hiyo kifungo dhaifu kwa asidi hukatika pale na dawa kutoka.

Katika Ghuba, kwenye Chuo Kikuu cha New York kampasi ya Abu Dhabi, kundi la Ali Trabolsi limekuwa mstari wa mbele wa kazi hii. Kabla ya kuonyesha kwamba COF inaweza kubeba insulini hadi ndani ya mwili wa panya kwa kumezwa, mwaka 2020 lilieleza kiunzi kilichozunguka chembe za oksidi ya chuma zenye usumaku na kubeba doksorubisini. Chembe hizo huonekana katika picha za MRI, na zikiwekwa katika uga wa sumaku unaobadilikabadilika hupata joto, joto hilo likisaidiana na dawa kuua seli za saratani.

Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu panya wengi wamepona saratani ambazo binadamu hawakupona. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe ndogo zinazodungwa mwilini hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini. Hadi katikati ya muongo wa 2020 hakuna kiunzi cha COF kilichoidhinishwa kuwa dawa ya saratani popote. Bado inatakiwa kujulikana mabaki yake hukaa mwilini muda gani, hutoka kwa njia ipi, na kama kiwanda kinaweza kutoa unga uleule kila mara.

Aina moja ya viunzi vya metali imetangulia hadi kwa wagonjwa. Kundi la Wenbin Lin wa Chicago lilitengeneza kiunzi chenye metali ya hafniamu, na mwaka 2018 majaribio ya kwanza kwa binadamu yakaanza nchini Marekani. Kiunzi hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kisha uvimbe hupigwa mionzi. Hafniamu huidaka mionzi na kuongeza uharibifu papo hapo, hivyo dozi ndogo hufanya kazi ya kubwa. Kwa kuwa dawa huwekwa kwa sindano ndani ya uvimbe wenyewe, tatizo la njia ya damu hupungua sana. Lakini bila mashine ya mionzi kiunzi hicho hakifanyi lolote, na ndiyo maana kwa hospitali inayopokea wagonjwa kutoka Same, mafundi wa mionzi, umeme usiokatika na vipuri vya mashine ni sehemu ya dawa hiyo sawa na hafniamu iliyomo.